Mboga Zilizokuja Zimechambuliwa

Sifa zote ni zake Mungu Baba, aliyenifikisha asubuhi hii nikiwa na akili timamu, akaniachia meno ya kutosha na kitu cha kutafuna. Yeye ndiye anayenyeshea mashamba ya Mutuini na ya kwingineko bila kuuliza ni nani alifika ibadani. Nimetanguliza shukrani kabla ya kusimulia habari za jikoni kwetu, kwa sababu mwaka ule ninaotaka kuuzungumzia nilikaribia kushindwa kushukuru, na mtu anayefundisha wengine kushukuru hapaswi kulisahau jambo kama hilo.

Mimi na mke wangu tunakaa Uthiru, mwendo mfupi kutoka Waiyaki Way, katika nyumba tuliyohamia watoto wakiwa wadogo. Tulitoka magharibi tukaja Nairobi kutafuta kazi. Mimi nilipata ukarani mjini, karibu na River Road, nikakalia meza moja mpaka nikastaafu. Mke wangu alilea watoto na kuuza nguo sokoni, lakini kilichomfanya ajulikane ni upishi. Kanisani kwetu, ikiwa kuna harusi au matanga au wageni kutoka mbali, sufuria kubwa huwekwa motoni nyuma ya kanisa, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeziongoza, hata wenzake wakamwita Mwalimu. Wanawake kumi au zaidi walikalia makreti yaliyopinduliwa, wakichambua mboga na kukata vitunguu, machozi na vicheko vikiwatoka pamoja. Yeye alisimama penye moshi na mwiko mkubwa mkononi. Nimeona wachungaji wakingoja nje ya ukumbi kwa adabu kwa sababu mke wangu amesema bado.

Kisha kiharusi kikaja. Asubuhi moja alikuwa akijifunga kitambaa kichwani, mkono wa kulia ukakataa kupanda. Mungu alimwachia uhai, akamwachia na maneno yake yote. Mguu ulirudi kidogo kidogo kwa mazoezi. Mkono haukurudi.

Alipotoka hospitalini aliingia jikoni mara moja tu. Aliweka kitunguu juu ya ubao, akashika kisu kwa mkono wa kushoto, na kitunguu kikabiringika, kikaanguka, kikaenda chini ya meza. Nilitaka kukiokota. Akaniambia, "Kiache." Akaweka kisu chini, akatembea polepole hadi kwenye kiti kilicho karibu na dirisha la sebuleni, akakaa. Tangu siku hiyo akawa anapita kwenye mlango wa jikoni kama mtu anayepita nje ya nyumba aliyoihama.

Watu hawakututupa, siwezi kusema hivyo. Binti yetu ameolewa na anakaa Mountain View, na jioni akitoka kazini mjini alituletea chakula kwenye mabakuli yenye vifuniko. Majirani walileta. Akina mama wa kanisa walileta. Mke wangu alimshukuru kila mmoja, akala vijiko vitatu, akafunika sahani. Nguo zake zikaanza kumpwaya. Kliniki waliniambia kwamba dawa haziwezi kufanya kazi peke yazo, kwamba lazima ale. Nilirudi nyumbani nikapiga magoti. Kusema ukweli, niliombea mkono. Sikujua kuombea kitu kingine.

Ni binti yetu aliyeleta habari za masanduku.

"Baba, kuna mama mmoja jirani yetu. Yeye hapiki. Anatayarisha tu. Anakata, anachambua, anapima viungo, anafunga kila kitu kwa sanduku na karatasi ya maelezo. Wewe unawasha gesi na kufuata."

"Kama hapiki, amenisaidia nini?"

"Amekusaidia kulia na vitunguu, Baba. Na mimi amenisaidia nisilie nikifikiria mnakula mkate na chai mchana na jioni."

Kweli ndivyo tulivyokuwa tunakula siku ambazo hakuna aliyetuletea kitu, basi nikamwambia aagize.

Sanduku la kwanza lilifika Jumanne, limefungwa nyuma ya bodaboda kwa kamba ya mpira. Nililipokea mlangoni kwa aibu kidogo. Ndani mlikuwa na nyama ya ng'ombe vipande, viazi vilivyomenywa vikawekwa kwenye maji, karoti, pilipili hoho, nyanya zilizosagwa, kitunguu kilichokatwa kwenye kikopo chake, na majani ya dania yamefungwa kwa uzi. Kulikuwa na kipande cha tangawizi kisichozidi kidole gumba. Nilikitazama kile kitangawizi kwa muda. Mtu nisiyemjua alikuwa amekaa mahali fulani akawaza ni tangawizi kiasi gani wazee wawili wanahitaji.

Sasa niungame. Mimi ni mzee wa kanisa, nimewasomesha vijana wa kipaimara amri zote kumi, na siku hiyo nilidanganya. Nilijua mke wangu hatapenda kusikia kwamba chakula kimetoka kwenye sanduku, kwa hiyo nililificha sanduku nyuma ya mtungi wa gesi, nikamwaga kila kitu kwenye mabakuli yetu, nikapika kwa kufuata karatasi, namba moja hadi namba sita. Nilimpelekea sahani pale dirishani nikasema, "Leo nimejikaza, nimekata mwenyewe."

Aliinua kipande cha karoti kwa uma, akakigeuza kwenye mwanga.

"Wewe?"

"Mimi."

"Miaka hii yote nimekuona ukikata mkate, mzee. Kipande kimoja kama mto, kingine kama karatasi. Leo karoti zako zimetoka kiwandani?"

Nikamsogezea chumvi.

"Na umezikata kabla au baada ya kusali?"

Nilienda jikoni nikaleta lile sanduku, nikaliweka miguuni pake kama mtoto aliyeshikwa. Hakucheka. Alisoma karatasi, akaikunja, akanirudishia.

"Kwa hiyo sasa napikiwa na sanduku," akasema. Akala vijiko vitatu, akafunika sahani.

Hata hivyo sikuacha. Masanduku yaliendelea kuja, na mimi nikaanza kuyapenda, wala sioni haya kulisema. Mtu aliyekula vibandani maisha yake yote ya kazi, na nyumbani akakuta sahani imeshafunikwa, hajui siri ya jinsi kitunguu kinavyobadilika rangi. Nilijifunza kuisikia nyama ikiacha kulia kwenye sufuria na kuanza kunong'ona. Nilijifunza kwamba nyanya zikiwahi kuingia huharibu mambo. Nilivaa miwani, nikaibandika karatasi ukutani kwa gundi ya karatasi, nikasimama mbele yake kama ninavyosimama mbele ya somo la Jumapili. Jioni moja nilimweleza mama mboga wa kwenye kona yetu habari za masanduku hayo, nikidhani nimemletea jambo jipya.

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Mzee, na hii sukuma mimi nawakatia watu hapa kila jioni ni nini? Na hii githeri, mahindi na maharagwe nimechemsha? Mimi sina tu sanduku."

Alisema kweli. Wafanyakazi wangapi wanaoshuka Uthiru wakiwa wamechoka wamelala wameshiba kwa sababu ya kisu cha mama yule? Nami nilipita pale miaka yote nikinunua ndizi tu.

Lakini mke wangu hakula zaidi ya vile vijiko vitatu. Nilianza kuhesabu moyoni, na hesabu ile ilinitia hofu kuliko kitu chochote nilichowahi kuhesabu kazini. Nilimwona anatutoka polepole, bila kelele, akiwa pale pale kwenye kiti.

Ndipo likaja sanduku la mboga za kienyeji. Nilipofungua nilishangaa, maana yalikuwa majani matupu, managu na saga, mabichi, yamejaa mpaka kifuniko kikafura, pamoja na kitunguu na nyanya. Karatasi ilisema: kaanga kitunguu, weka nyanya, weka mboga, funika, dakika ishirini, pakua. Nami, kwa utii wangu wote, nikafanya hivyo. Ilikuwa Jumatano mchana.

Yeyote aliyezaliwa kwetu ameshajua nilikosea wapi. Kwetu mboga hizi haziivi kwa saa. Huchemshwa, hutiwa maziwa, huachwa zilale. Kesho yake hupashwa moto, hutiwa maziwa tena, zikalala tena. Siku ya tatu ndipo zinapokuwa mboga. Kabla ya hapo ni majani tu, tena machungu. Nami nililijua hilo kwa mdomo tangu utotoni, lakini mdomo haukuwahi kuulizwa maswali ya jikoni, na karatasi ilikuwa ukutani ikisema dakika ishirini.

Harufu ilimfikia dirishani.

"Baba!" akaita. "Unapika nini?"

"Managu, mama. Na saga."

"Umeanza lini?"

"Sasa hivi. Karibu ziko tayari."

"Ziko tayari amesema nani?"

"Karatasi imesema dakika ishirini."

Nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu. Nikasikia mguu ukiburutwa, fimbo, mguu, fimbo. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atakumbuka kwamba yeye haingii tena jikoni. Alifika mlangoni, akaegemea fremu, akavuta pumzi, kisha akaingia hadi kando ya jiko. Akachota kidogo kwa kijiko, akaonja. Uso wake ukakunjika wote, hata upande ule ambao kiharusi kilikuwa kimeulegeza.

"Yesu wangu," akasema. "Ungenipa hii ungeniua, kisha ungesimama mbele ya watu useme nilikuwa mgonjwa."

Nikaanza kucheka. Naye akanitazama kwa ukali, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Tulicheka pale hadi nikalazimika kumshika asianguke.

"Punguza moto," akasema alipopata pumzi. "Ongeza maji. Maziwa yako wapi?"

"Yako ya chai."

"Lete yote. Chai tutakunywa mkandaa."

Nilipomletea pakiti, alikuwa tayari ameshika mwiko kwa mkono wa kushoto. Aliushika vibaya, kama mtoto anayeanza kuandika, lakini aliushika. Alikoroga, akasimama, akakoroga tena. Kisha akachukua majani machache mabichi niliyoyaacha kwenye sanduku, akayatandaza mezani, akayachunguza moja moja.

"Nani alichambua hizi?"

"Ni yule mama wa Mountain View."

"Hakuna kijiti. Hakuna jani la njano. Hata ua halimo." Akaendelea kuyageuza. "Huyu anajua kuchambua, ila kupika hajui."

Nilimwona akiwaza. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Kule kanisani mimi sikuwahi kushika kisu. Walichambua wengine, wakakata wengine. Mimi nilikuwa na mwiko tu. Na hakuna mtu alisema si mimi niliyepika."

Nilikuwa nimeomba miezi mingi mkono wake urudi, na Mungu alikuwa ametuma mkono mwingine kabisa, umefungwa kwenye sanduku, nami nilikuwa nauficha nyuma ya mtungi wa gesi.

Jioni ile zile mboga zililala. Alhamisi alirudi jikoni kuzipasha, na Ijumaa pia. Ijumaa mchana alikula, na safari hii sikuhesabu vijiko kwa sababu hakutumia kijiko.

Baada ya kula aliniagiza nimpigie yule mama. Nikaweka simu mezani kwa sauti ya juu.

"Ni wewe mwenye mboga?"

"Ni mimi, Shosho. Kuna shida?" Sauti ilikuwa ya mama wa makamo, yenye wasiwasi.

"Kwanza mimi si Shosho. Shosho ni wa kwenu huko Kiambu. Sisi bibi tunamwita Kukhu."

"Pole, Kukhu."

"Pili, ni nani alikudanganya ati managu inaiva dakika ishirini?"

"Ai, Kukhu, si sisi huku tunakaanga tu na kitunguu, tunakula."

"Ndiyo maana mnakula mmekunja uso."

Yule mama akaangua kicheko, na mke wangu akamweleza habari za maziwa na siku tatu, taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza mabibi harusi wapya kanisani. Kisha akasema, "Lakini umechambua vizuri. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Yuko?"

"Alipumzika, Kukhu. Mwaka wa tatu sasa."

Mke wangu aliinamisha kichwa. "Basi alimaliza kazi yake vizuri," akasema. Tukasikia magari ya barabarani upande wa pili wa simu.

Tangu hapo sanduku halikuwa langu tena. Aliliamuru yeye. Kitunguu ni kidogo, aongeze. Tangawizi ni ya watoto. Nyama asikate ndogo hivyo, hatulishi paka. Mama wa Mountain View aliyapokea yote, na wakati mwingine alibisha, na mke wangu alipenda kubishiwa. Mimi nilibaki kuwasha gesi na kuosha vyombo.

Kisha akaniambia jambo lililonitia hofu upya. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kumwona Jumamosi, kama walivyofanya kila baada ya wiki kadhaa, na siku zote walikuja na chakula walichokipika. Aliwapigia simu akawaambia safari hii waje mikono mitupu.

"Watakula nini?" nikauliza.

"Watakula kwangu."

"Mama, ni watu wanane."

"Nimewahi kulisha mia tano. Wanane ni kitu gani?"

Sikumwambia nilichokuwa nikiogopa. Niliogopa chakula kikimharibikia mbele ya wanawake aliowaongoza, atarudi kwenye kile kiti cha dirishani na safari hii hatainuka. Alimwagiza mama wa Mountain View mboga za watu kumi. Yule mama alipouliza apime kiasi gani cha kila kitu, akamwambia, "Wewe lete majani. Kupima niachie." Majani yalikuja Alhamisi, ili Jumamosi yawe yameshalala mara mbili. Nyama ilikuja Jumamosi asubuhi, imekatwa alivyotaka. Yote mawili yakaiva vizuri hata mimi nilijua.

Ikabaki ugali. Na ugali wa watu kumi, hakuna anayeweza kukuchambulia wala kukukatia. Unahitaji mikono miwili yenye nguvu, mmoja wa kuzuia sufuria na mwingine wa kusonga. Wageni walikuwa wameshafika, wanaimba sebuleni wakingoja. Maji yalichemka, unga ukaingia. Alisonga mara mbili, sufuria ikazunguka pamoja na mwiko kama gurudumu.

Akasimama. Akautazama mkono wake wa kulia.

"Niite mmoja wao?" nikauliza.

"Hapana," akasema. "Chukua matambara. Shika sufuria."

Nikashika vishikio viwili, nikapiga goti moja sakafuni ili nipate nguvu. Mvuke ulinijaa kwenye miwani nisione kitu. Yeye akaegemea kwa kifua chake chote na kusonga kwa mkono wa kushoto.

"Kaza, mzee! Unabembeleza mtoto?"

"Nimekaza!"

"Kaza kama mtu aliyekula!"

Hatimaye akaugeuza kwenye sinia. Ulikaa upande mmoja, kama paa la nyumba iliyoshuka, na madonge yalionekana wazi. Zamani ugali kama ule asingewapa hata mbwa wa jirani. Aliutazama kwa muda mrefu. Nami nilimtazama yeye, bado nimepiga goti.

"Peleka," akasema.

Nilisali juu ya chakula, kwa ufupi, jambo ambalo si desturi yangu. Wakaanza kula. Mmoja wao, mama mnene ambaye amemkatia mke wangu vitunguu jikoni mwa kanisa tangu nywele zao zikiwa nyeusi, alikutana na donge, akalitoa kwa vidole viwili, akaliinua wote walione.

"Mwalimu, leo ugali iko na mawe."

Nikaweka tonge langu chini.

Mke wangu hakuinua hata kichwa. "Ungekuja kusonga wewe," akasema, "badala ya kuniimbia hapo kama kwaya ya matanga."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Walimtania, naye akawatania, akawauliza ni nani sasa anayesimamia sufuria za kanisa na kwa nini ilisikika kwamba wali wa harusi ya juzi uliungua. Katikati ya kelele hiyo alikata tonge kwa mkono wa kushoto, akachovya kwenye managu, akala. Akakata lingine. Sahani yake ikawa tupu kabla ya yangu, akaisukuma kuelekea kwangu bila kukatisha maneno yake.

"Niongezee, Baba."

Nikamwongezea. Mkono wa kulia uko pale pale kwenye mapaja yake hadi leo, na bado namkabidhi Mungu huo mkono kila asubuhi. Lakini mke wangu anakula, na jikoni nafukuzwa.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe hamu ya chakula na mtu wa kuketi naye. Siku nguvu zako zitakapopungua, akutumie mikono ya watu usiowajua, na akulainishe moyo uipokee. Awabariki wote wanaochambua na kumenya mahali ambapo hatuwaoni. Amani yake ikae juu ya jiko lako. Amina.